Hewa Haisomi Katalogi

Miongoni mwa mizinga inayoonyeshwa Fort Jesus, ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, iko miwili isiyohusiana kabisa na Wareno walioanza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, wala na Waomani walioitwaa mwaka 1698. Mmoja ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Ujerumani. Mwenziwe ulitoka kwenye Pegasus, manowari ya Uingereza. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga bandari ya Unguja, boila zake zikitengenezwa, Königsberg ilipotokeza na kuanza kuipiga. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yakawa yanaangukia baharini kabla ya kumfikia adui. Mabaharia wake zaidi ya 30 walikufa na meli ikazama. Baadaye mizinga ya meli zote mbili iling'olewa, ikafungwa magurudumu na kupelekwa katika vita vya nchi kavu, na hatimaye mahasimu hao wawili wakaishia mji mmoja.

Anayeitazama kwa macho tu hatajua kwa nini mmoja ulimshinda mwenzake. Tundu la mtutu wa Königsberg lina upana wa milimita 105, la Pegasus milimita 101.6, tofauti isiyofika hata milimita nne. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kilichopita ndani ya matundu hayo. Kombora la Mwingereza lilikuwa na uzani wa kilo 11 na ushei. La Mjerumani lilianzia kilo 16. Kwa kila sentimita ya mraba ya uso unaoikabili hewa, kombora la Königsberg lilibeba uzani zaidi kwa karibu theluthi nzima, na kitu kizito chenye uso mdogo hakikubali upesi kupunguzwa mwendo na hewa. Nguvu ya baruti na pembe ya kuinulia mtutu navyo vilikuwa na sehemu yao, tena kubwa. Lakini sifa hiyo ya kuishinda hewa ndiyo inayotiwa bei leo katika matangazo ya risasi za kuwindia wanyama kwa mbali. Imepewa namba, namba imechapwa kwenye boksi kando ya herufi BC, kifupi cha Kiingereza cha ballistic coefficient, na wanunuzi wanailinganisha kama wanavyolinganisha bei. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo kwa kawaida si uongo, ila ni kipimo kilichovuliwa masharti yake, na kila kinapovuliwa masharti faida humwendea muuzaji.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1881 kampuni ya Krupp ya Ujerumani ilifanya majaribio ya mizinga na kupima jinsi hewa inavyoyapunguza mwendo makombora ya umbo moja: mafupi, yenye kitako bapa na ncha ya wastani. Wataalamu wa Urusi na Marekani wakayatumia matokeo hayo kutunga majedwali, na kutokana nayo likapatikana kombora la kufikirika ambalo mengine yote hupimwa nalo, lenye uzani wa ratili moja na kipenyo cha inchi moja. Hilo likapewa namba 1. Risasi ya bunduki yenye namba 0.5 maana yake hupoteza mwendo kwa kasi maradufu ya kombora hilo la mfano, yenye 0.6 inapoteza pole pole zaidi. Namba yenyewe hupatikana kwa kuchukua uzani wa risasi, kuugawanya kwa kipenyo chake kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, kisha kurekebisha kwa kadiri umbo lake linavyotofautiana na lile la mfano. Uzani na kipenyo mtu yeyote mwenye mizani na kipimo kizuri anaweza kuvihakikisha. Mzozo wote umelala kwenye umbo.

Risasi ya leo ya masafa marefu haifanani na kombora la Krupp. Ni ndefu, ncha yake ni kali, na kitako chake kimechongwa kwenda kwa wembamba, kama tezi ya mashua. Vitu viwili vyenye maumbo mbalimbali havipotezi mwendo kwa mpangilio mmoja. Risasi ndefu inapokwenda kasi sana huonekana bora kuliko kombora la mfano kwa kiasi fulani. Inapopunguza kasi, ubora huo hupungua. Matokeo yake ni kwamba risasi moja haina namba moja. Ina namba nyingi, kila mwendo na yake, na kubwa kuliko zote huwa ile ya mwendo mkubwa, yaani karibu na mdomo wa mtutu, mahali ambapo mpigaji haihitaji. Kwa sababu hiyo uko mfano mwingine, uitwao G7, ambao kombora lake ni refu na lenye kitako kilichochongoka. Namba za G7 hubadilika kidogo tu kadiri risasi inavyopunguza mwendo. Lakini ni ndogo: risasi yenye 0.6 kwa mfano wa zamani, G1, inaweza kuwa na takribani 0.3 kwa G7. Sasa fikiria nani atataka kuandika 0.3 kwenye boksi lake wakati jirani yake kwenye rafu ameandika 0.6.

Chukua risasi moja inayojulikana sana, MatchKing ya kampuni ya Sierra, ya kipenyo cha inchi 0.308 na uzani wa greni 175. Sierra yenyewe, na hili ni la kuipongeza, imezoea kutoa namba tatu badala ya moja: 0.505 kwa mwendo wa futi 2,800 kwa sekunda na kuendelea, 0.496 kati ya 2,800 na 1,800, na 0.485 chini ya hapo. Anayesoma haraka hubeba 0.505, kwa kuwa ndiyo ya kwanza na ndiyo kubwa. Lakini bunduki ya kawaida ya .308 Winchester huitoa risasi hiyo kwa takribani futi 2,600 kwa sekunda. Yaani tangu inapotoka mtutuni hadi inapotua, haifikii hata mara moja mwendo ambao namba 0.505 ni yake. Hapa mtengenezaji hakudanganya. Amesema kweli kuhusu safari ambayo risasi ya mnunuzi huyu haitaisafiri. Aliyewahi kununua gari la Japani lililoshushwa Kilindini, akaamini kilomita kwa lita zilizoandikwa kwenye tangazo kisha akaingia foleni ya Makupa, anaielewa hali hii bila kufundishwa.

Kuna pia namna namba inavyopatikana. Baadhi ya watengenezaji huikokotoa kwa kompyuta kutokana na mchoro wa risasi, wakati mwingine kabla risasi yenyewe haijapigwa. Wengine huweka vipima mwendo viwili, kimoja karibu na mtutu, kingine mbele yake, na kuangalia mwendo umepungua kiasi gani. Njia hii inasikika kama haina shaka, lakini tuifanyie hesabu. Risasi yenye namba 0.6, inayotoka kwa mita 884 kwa sekunda, hupoteza takribani mita 49 kwa sekunda katika yadi 100 za mwanzo, ambazo ni kama mita 91. Vipima mwendo vyema kabisa vinaweza kukosea robo ya asilimia moja, yaani mita 2.2. Kimoja kikizidisha na kingine kikipunguza, kosa ni mita 4.4 katika 49, na namba ya risasi itapotoka kwa karibu asilimia 9. Kosa dogo la chombo limekuwa kosa kubwa la matokeo, kwa kuwa tunachopima ni tofauti ndogo kati ya vitu viwili vikubwa. Na mtengenezaji akipata majibu mawili, 0.57 na 0.62, yote yakiwa ndani ya uwezo wa vyombo vyake, hahitaji kuwa mwizi ili achague la pili. Inatosha awe na idara ya mauzo.

Kwamba hesabu nzuri inaweza kupotosha hata serikali, liko tukio linaloanzia karibu na hapa. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka madarakani Marekani, kwa safari ya uwindaji iliyosimuliwa dunia nzima. Kati ya bunduki zake ilikuwemo Springfield ya muundo wa kijeshi, yenye kipenyo cha inchi 0.30. Jeshi la Marekani lilikuwa limeipa bunduki hiyo, miaka mitatu tu kabla, risasi mpya ya ncha kali yenye greni 150, na kutangaza kwamba upeo wake ni yadi 4,700. Risasi ilikuwa imejaribiwa hadi yadi 1,800. Zilizobaki zilikisiwa kwa majedwali. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, askari wa bombomu wakataka kuwapiga adui kwa mbali juu ya vichwa vya wenzao, na risasi hazikufika. Zilipopimwa kwa vitendo baadaye, upeo ulikuwa yadi 3,300 hadi 3,400. Makadirio yalikuwa yamezidi ukweli kwa karibu asilimia 40. Hakukuwa na muuzaji wa kulaumiwa hapo. Kulikuwa na namba iliyopimwa mahali pamoja ikatumiwa mahali pengine. Jeshi lilijirekebisha kwa risasi nzito zaidi, yenye kitako kilichochongoka, mwaka 1926. Hiyo nayo ilifika mbali mno, hata viwanja vingi vya mazoezi havikuwa na nafasi ya usalama ya kutosha, ikabidi warudie risasi ya greni 150.

Karne moja baadaye vyombo vimekuwa bora, na vilichofichua kinatia moyo na kuaibisha kwa pamoja. Bryan Litz, mhandisi wa Marekani, alipima mwenyewe mamia ya risasi kwa kutega vinasa sauti kando ya uwanja na kuhesabu muda wa kila kipande cha safari, kisha akachapisha namba zake kando ya zile za matangazo. Baadhi zililingana; baadhi zilipishana kiasi cha kuonekana. Rada za Doppler, ambazo huifuata risasi hatua kwa hatua badala ya kuipima vituo viwili, zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Hornady ilitangaza kwamba rada yake imeonyesha jambo ambalo wachache walilitarajia: ncha za plastiki zinazotiwa kwenye risasi nyingi za kuwindia hulainika kwa joto la msuguano wa hewa na kupoteza umbo lake zikiwa njiani. Ncha iliyowekwa ili kuinua namba ilikuwa inaishusha namba hiyo hiyo. Hornady ilileta plastiki inayostahimili joto zaidi, na bila shaka ikauza risasi mpya kwa sababu hiyo, lakini ilisema hadharani. Kwa miaka yote kabla ya hapo, namba zilizopimwa karibu na mtutu, ncha ikiwa bado nzima, zilikuwa zikiuzwa kama namba za safari yote.

Bado hatujaigusa hewa yenyewe. Namba za katalogi huchukulia hewa ya kiwango maalumu, nyuzijoto 15 usawa wa bahari, ambapo mita moja ya ujazo ina uzani wa kilo 1.225. Hata hapo hakuna kauli moja, maana kipo kiwango cha zamani cha jeshi la Marekani kinachopishana na hicho kwa karibu asilimia 2, na tangazo mara nyingi halisemi limefuata kipi. Mombasa, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu wake tunaoujua, mita hiyo ya ujazo ina kilo 1.15 hivi. Wengi hudhani hewa ya pwani ni nzito kwa kuwa inamlemea mtu. Kumbe mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na joto nalo huipanua. Nairobi, kwa mwinuko wake wa takribani mita 1,700, siku ya nyuzi 20 uzani ni karibu kilo 0.99. Mtu akitoka na bunduki kisiwani hadi Nairobi amebadilisha ukinzani wa hewa kwa asilimia 14 bila kubadilisha risasi. Programu za simu hurekebisha hili vizuri, mradi namba unayoingiza iwe imesema ni ya hewa gani. Isiposema, unarekebisha kitu usichokijua.

Msomaji wa Mombasa ana haki ya kuuliza yote haya yanamhusu nini, ikiwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ni kweli, hakuna anayeruhusiwa kwenda Tsavo na bunduki kumtafuta pofu. Lakini ng'ambo ya Lunga Lunga, Tanzania bado inaruhusu uwindaji wa kitalii, na mnyama anayevuka mpaka hana pasi. Risasi iliyotua sentimita 40 chini ya ilipokusudiwa haimkosi mnyama kila mara. Wakati mwingine humvunja mguu au kumpasua tumbo, akaenda kufia kichakani siku ya pili au ya tatu. Tangazo linalomwambia mtu anaweza kupiga kwa mita 900 linamhusu mnyama huyo kuliko linavyomhusu mnunuzi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tofauti hizi ni ndogo. Linganisha risasi mbili zinazotoka kwa mita 884 kwa sekunda, moja yenye 0.60 kama ilivyotangazwa, nyingine 0.55 kama inavyopimwa. Kwa yadi 300, sawa na mita 274, zinapishana kwa milimita sita hivi. Hakuna mwindaji mwenye mikono itakayoiona tofauti hiyo. Kwa yadi 1,000, zinapishana kwa kiasi cha sentimita 40. Kwa hiyo anayesema namba haina maana ana haki, mradi apige kwa karibu. W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000, idadi inayochukiza leo, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7 na risasi butu za greni 173. Kwa umbo, risasi hizo zingepata namba duni kwenye katalogi ya sasa. Hazikumdhuru kitu, kwa kuwa alisogea hadi hatua chache na kujua pa kupiga. Ila mantiki hii inamwangukia mtangazaji: namba kubwa inatumika kuuza uwezo wa kupiga mbali, na ni huko mbali tu ndiko kosa lake linakouma. Huwezi kuisifu kwa yadi 1,000 kisha ukaitetea kwa yadi 300.

Wengine hujibu kwamba mpigaji makini hategemei boksi. Hupiga shabaha, huona risasi imetua wapi, kisha huirekebisha programu mpaka hesabu ilingane na tundu. Ni desturi nzuri, lakini wengi hurekebisha kitu kisicho na kosa. Namba ya risasi ikiwa imetiwa chumvi, programu itasema risasi itatua juu kuliko inavyotua. Mpigaji hushusha mwendo wa mtutu ndani ya programu mpaka mambo yakae sawa kwa yadi 800. Sasa makosa mawili yanafichana kwa umbali huo mmoja, na kwa yadi 500 au 1,000 yanaanza tena kuonekana. Wapo pia wanaosema upepo humkosesha mtu kuliko namba yoyote. Hilo nakubali bila kubishana. Lakini kosa la kusoma upepo leo huenda kushoto, kesho kulia, na mpigaji hujifunza kutokana nalo. Kosa la namba iliyotiwa chumvi huenda upande ule ule kila siku, chini, na hata upepo wenyewe huufanya uonekane dhaifu kuliko ulivyo, kwa kuwa risasi inayopoteza mwendo upesi ndiyo inayosukumwa zaidi.

Jambo jingine ambalo tangazo hulipita kimya ni mtutu wa mnunuzi. Mifuo ya ndani ya mtutu huizungusha risasi ili itulie, na risasi ndefu zinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Bunduki ya zamani yenye mifuo inayojisokota pole pole inaweza kuirusha risasi ndefu ya kisasa bila kuipindua, mashimo kwenye karatasi yakawa ya duara kabisa, na bado risasi ikawa inayumba kidogo kiasi cha kupoteza sehemu ya namba yake. Mwenye bunduki hatajua. Ataona tu kwamba risasi aliyoinunua kwa bei ya juu haifiki ilikoahidiwa.

Soko lenyewe limeonyesha kwamba linaweza kufanya vyema. Berger, ambako Litz amefanya kazi, huandika namba za G7 zilizopimwa kwa kupigwa. Sierra hugawa namba zake kwa mwendo. Hornady hutoa namba za miendo mitatu kwa risasi zake mpya. Hakuna iliyofilisika kwa kusema ukweli zaidi, na wanaoendelea kuchapa namba moja tupu hawana tena kisingizio cha kukosa vyombo. Kwa anayejiandaa kuwinda Tanzania kwa kibali, maswali ya kumuuliza muuzaji ni haya: namba hii ni ya G1 au G7, ni ya mwendo gani, ni ya hewa ya kiwango kipi, na imepimwa au imekokotolewa? Asipojibiwa, aichukue risasi hiyo uwanjani kwanza, aipige kwa masafa mawili au matatu mbalimbali, na akiwa porini asimfyatulie mnyama aliye mbali kuliko shabaha aliyokwisha kuipiga kwa mikono yake mwenyewe.